MAADUI WA BUSTANI, NA JINSI YA KUWASHINDA PASIPO SUMU

Kila mwaka, mvua zinapoanza kunyesha, watu wengi hulima bustani ndogo karibu na nyumba zao. Hupanda mchicha, nyanya, kabichi na bilinganya, na pembeni mipapai, michungwa au mwembe wa kivuli. Na kila mwaka wengi katika hao huiacha bustani kabla ya kuvuna. Ukiwauliza sababu, mmoja atakwambia, "Wadudu wamemaliza," na mwingine atasema, "Ilinyauka yote kwa siku chache." Wa tatu hatasema neno, ila atatazama upande wa nyumba ya jirani yake, na hapo utafahamu ya kuwa anadhani bustani yake imerogwa.

Hasara hii si ndogo. Mtoto asiyepata mboga za majani, mapapai na maembe aweza kukosa vitamini A, na kwa kuikosa macho yake huharibika, na mwili wake hushindwa kupigana na maradhi. Tena, mtu aliyepoteza bustani yake mara mbili hukimbilia dukani kununua sumu, na aghalabu huitumia pasipo kipimo. Nyanya iliyopuliziwa jana jioni huchumwa leo asubuhi na kuliwa mchana. Na chupa iliyokuwa na sumu husuuzwa ikatiwa maji ya kunywa. Basi katika kumfukuza mdudu, mtu huyo amemkaribisha nyumbani adui aliye mbaya zaidi.

Katika somo hili twataka kuwaonyesha wasomaji wetu ya kuwa bustani ya nyumbani yaweza kulindwa kwa macho, mikono na akili. Neno tulilo nalo ni moja: mjue adui kabla ya kumpiga. Kila mdudu ana siku zake za nguvu na siku zake za udhaifu, na kila ugonjwa una alama yake. Azijuaye alama hizo hufanya kazi ndogo kwa wakati wake. Asiyezijua hufanya kazi kubwa isiyomfaa kitu.

1. Jicho la Asubuhi

Dawa ya kwanza ya bustani haigharimu hata senti moja. Ni mwenyewe kuipitia kila siku asubuhi, kabla jua halijawa kali, na kuyageuza majani atazame chini yake. Asiyegeuza jani haoni kitu, maana wadudu wengi hukaa upande wa chini, wapate kivuli na kujificha ndege wasiwaone.

Aonapo dhara, asikimbilie dawa, bali ajiulize: Ni sehemu gani ya mmea iliyoharibiwa? Imeharibiwa namna gani? Imeharibiwa usiku au mchana? Majibu ya maswali hayo yatamtaja mwizi.

Akikuta miche imekatwa shina, sawasawa na udongo, kama iliyokatwa kwa kisu, mwizi ni sota. Huyu ni kiwavi mnene, rangi yake ya udongo au ya kijivu, atembeaye usiku na kulala mchana ndani ya ardhi. Hana haja ya kutafutwa mbali. Fukua kwa kidole kuuzunguka mche uliokatwa, kina cha inchi moja au mbili, nawe utamkuta amejikunja kama pete. Muue. Kisha miche iliyosalia izungushie kila mmoja kipande cha karatasi ngumu au cha ganda la mgomba, sehemu yake iingie udongoni na sehemu ibaki juu. Na msimu ujao lima na kupalilia mahali pa bustani majuma mawili au matatu kabla ya kupanda, ili sota waliomo wakose chakula, na kuku na ndege wawaokote.

Akiona majani machanga yamejikunja, yananata mkononi kama yaliyopakwa asali, na sisimizi wanapanda na kushuka, hao ni vidukari. Ni wadudu wadogo kama kichwa cha pini, weusi au wa kijani, wafyonzao maji ya mmea. Sisimizi hawaji kuwala. Huwachunga kama mchungaji na ng'ombe wake, kwa kuwa hupenda utamu utokao kwao, na huwafukuza wadudu wengine watakao kuwala. Katika nchi zetu za joto kidukari jike huzaa pasipo dume, na watoto wake nao huwa tayari kuzaa baada ya siku saba au kumi hivi. Kwa hiyo vidukari ishirini wa Jumatatu hii si ishirini tena Jumatatu ijayo. Leo waweza kuwaponda kwa vidole viwili. Juma lijalo utaazima bomba la dawa. Wahenga wamekwisha tuambia ya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta.

Akiona majani ya mnyanya yana mabaka makavu kama karatasi, na akiliinua jani juani anaona ndani ya baka kiwavi mdogo na kinyesi chake cheusi, huyo ni mtoto wa nondo ambaye wakulima wa Tanzania wamempa jina la kantangaze. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Alionekana Hispania mwaka 2006, na mwaka 2014 alikwisha ingia Kenya na Tanzania. Sumu nyingi hazimpati, maana hukaa katikati ya ngozi mbili za jani, kama mtu aliyelala hemani. Lakini mkono humpata. Jani lenye baka lichumwe mara lionekanapo, pamoja na tunda lililotobolewa, vitiwe katika mfuko uliofungwa vizuri, uachwe juani siku kadhaa. Na nyanya zikiisha kuvunwa, mashina yote yang'olewe na kuchomwa moto. Kuyaacha yakikauka yenyewe bustanini ni kumlelea adui watoto wake mpaka msimu wa pili.

2. Ukoo wa Mimea

Mimea ina ukoo kama watu, na magonjwa mengi hutembea ndani ya ukoo. Nyanya, viazi mviringo, bilinganya, pilipili, mnavu na tumbaku ni ndugu. Kabichi, sukumawiki na figili ni ndugu. Maharagwe, kunde na njegere ni ndugu. Matango, maboga na matikiti ni ndugu. Na vitunguu maji na vitunguu saumu vina ukoo wao peke yao.

Mtu apandaye nyanya mahali pale pale miaka mitatu huwaandalia maadui wa nyanya karamu isiyokwisha. Hata akipanda nyanya mwaka huu na bilinganya mwaka ujao, hajabadili kitu, maana adui amebadilishiwa sahani tu, chakula ni kile kile. Basi na aigawe bustani yake mafungu manne: moja la nyanya na ndugu zake, moja la kabichi, moja la maharagwe, moja la vitunguu au mchicha. Kila msimu kila ukoo uhamie fungu la pili yake. Mwalimu wa shule yafaa achore ramani ya mafungu hayo katika daftari, na kuandika kilichopandwa kila msimu, kwa sababu akili ya mtu husahau.

Samadi nayo itiwe ikiwa imeoza sawasawa, ile iliyo nyeusi, isiyo na harufu kali wala joto. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuleta mbegu za magugu. Na ikizidi, majani huwa laini mno, na vidukari hupenda majani ya namna hiyo.

3. Bilauri ya Maji

Hapa ndipo uzaliwapo ugomvi. Mtu ameiacha minyanya yake jioni imesimama vizuri, ina matunda mabichi. Kesho yake adhuhuri mmoja umelegea, na majani yake yangali ya kijani. Usiku hujirudi kidogo. Baada ya siku chache umekufa, na wa pili yake umeanza. Hakuna mdudu aonekanaye, wala jani lililoliwa. Basi maneno huanza: fulani alipita hapa juzi, fulani aliisifu bustani hii kwa jicho baya. Tumesikia majirani wakinyimana moto na maji kwa ajili ya minyanya iliyonyauka.

Kabla ya kumtuhumu mtu, muulizeni shahidi asiyejua kusema uongo. Shahidi huyo ni bilauri ya maji. Kata kipande cha shina la mmea ulionyauka, karibu na ardhi, urefu wake kama kidole. Kining'inize katika bilauri ya kioo yenye maji safi, ncha ya chini izame majini, wala usiitikise. Ngoja dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka polepole kutoka katika shina, huo ni mnyauko wa bakteria. Nyuzi hizo ni bakteria wenyewe, maelfu kwa maelfu, walioziba mishipa ipitishayo maji ndani ya mmea. Ndiyo sababu mmea hufa kwa kiu hali umesimama katika udongo wenye maji. Hawakutumwa na jirani. Waliingia kwa njia ya mizizi, nao waliletwa na udongo, au na miche na mbegu za viazi zilizokwisha ugua, au na maji yatiririkayo toka shamba la juu, au na jembe lenye matope.

Ikiwa maji yamebaki meupe, pasua shina kwa urefu. Ukikuta michirizi ya rangi ya kahawia, na majani yalianza kuwa manjano toka chini, pengine upande mmoja tu, basi huo ni mnyauko wa kuvu. Ikiwa shina ni zima, ng'oa mmea utazame mizizi. Mizizi yenye manundu imeingiwa na minyoo ya udongoni, ambayo ni midogo hata macho hayaioni. Lakini usiichanganye na vinundu vya maharagwe na kunde. Vile ni vyema, hurutubisha ardhi, navyo hubanduka kwa ukucha. Nundu la minyoo halibanduki, maana ni mzizi wenyewe uliovimba.

Ukiisha kupata jibu, fanya lipasalo. Mnyauko wa bakteria hauna dawa ya kuponya mmea uliokwisha ugua, wala ya dukani wala ya mitishamba, na mtu akikuuzia hiyo amekuibia fedha yako. Ng'oa mmea pamoja na udongo ulioshika mizizi, uchukue kwa ndoo usimwage njiani, ukauchome moto. Usiutie katika shimo la mboji. Osha jembe na miguu kabla ya kuingia fungu jingine. Chimba mfereji mdogo ili maji ya mahali hapo yasitiririkie mimea mizima. Kisha mahali pale pasipandwe nyanya wala ndugu zake muda wa miaka mitatu au zaidi, na mnavu uotao wenyewe ung'olewe. Pandwe mahindi, vitunguu au kabichi. Kwa mnyauko wa kuvu, tafuta mbegu ya aina inayostahimili ugonjwa huo. Kwa minyoo, tia samadi iliyooza kwa wingi, na wakati wa kiangazi lima udongo uugeuze juani mara mbili au tatu.

4. Baka Jani

Katika nchi za milima na baridi, kama Usambara, uko ugonjwa mwingine wa nyanya na viazi, nao huitwa baka jani chelewa. Huja wakati wa ukungu na manyunyu. Majani hupata mabaka meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto, na asubuhi chini ya jani huonekana utando mweupe. Bustani nzima yaweza kwisha kwa muda wa juma moja au mawili. Huu ndio ugonjwa ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na watu kadiri ya milioni moja wakafa kwa njaa na kwa maradhi yaliyofuatana nayo. Twataja habari hiyo ili mtu asilidharau baka la jani.

Ugonjwa huu hutaka jani lililolowa kwa saa nyingi. Basi unyime maji hayo. Panda minyanya mbalimbali, futi 2 baina ya mche na mche, na futi 3 baina ya mstari na mstari, upepo upite. Isimamishe kwa miti, wala isilale chini. Kata majani yagusayo ardhi, na tandaza nyasi kavu, ili mvua isirushe udongo juu ya majani. Mwagilia asubuhi, tena kwenye shina, usimwagie majani. Jani la kwanza lenye baka lichumwe na kuchomwa siku ile ile. Iko pia dawa ya mrututu na chokaa, iliyotangazwa Ufaransa mwaka 1885 kwa ajili ya mizabibu, ambayo hata walimao pasipo sumu za viwandani wengine huitumia. Lakini hiyo hulinda jani zima tu, haiponyi jani lililougua, na ikitiwa mara nyingi shaba yake hujikusanya katika udongo. Atakaye kuitumia aulize kwanza kipimo kwa bwana shamba.

5. Nzi wa Maembe

Sasa tuje kwa matunda. Mwaka 2003 aligunduliwa nchini Kenya nzi mgeni ambaye asili yake ni Asia, na kwa muda wa miaka michache alienea katika nchi nyingi za Afrika. Nzi jike hutoboa ngozi ya embe, pera, chungwa au tunda jingine, akataga mayai ndani. Mayai huwa funza, nao hula nyama ya tunda mpaka huoza na kuanguka. Kisha funza hutoka, huingia udongoni inchi chache, hujifunika ganda, na baada ya siku kumi hivi hutoka amekuwa nzi mwenye mabawa.

Tafakarini habari hiyo, nanyi mtaona mahali pa kumpiga. Akiwa nzi huruka, hashikiki. Akiwa ndani ya tunda lililo juu ya mti hafikiki. Lakini tunda likiisha kuanguka, funza wote waliomo wamo mkononi mwetu, kama panya ndani ya mtego, kwa muda wa siku chache tu. Zikipita siku hizo wameingia ardhini, nasi tumechelewa.

Kwa hiyo matunda yaliyoanguka yaokotwe kila siku, au angalau mara mbili kila juma, hata yale yaliyooza. Yasitupwe jaani wala katika shimo fupi, maana nzi hutoka humo kama kwamba hakuzikwa. Yafukiwe katika shimo lenye kina cha futi 2 au zaidi, na udongo ushindiliwe juu yake. Au yatiwe katika mfuko mweusi wa plastiki usio na tundu, ufungwe, uachwe juani mpaka funza wafe kwa joto. Kwa miti michache ya nyumbani, matunda mazuri yaweza kufungwa kila moja katika mfuko wa karatasi kuukuu yangali mabichi, kabla nzi hajayatoboa.

Lakini mtu mmoja akifanya hivi peke yake, faida yake ni ndogo. Nzi hajui mpaka wa kiwanja cha mtu. Mwembe mmoja usiookotwa matunda yake waweza kuwapatia nzi majirani kumi. Hapa twawaomba wakubwa wa vijiji watusaidie. Itangazwe siku ya kuokota matunda kila juma, tangu maembe yaanzapo kukomaa mpaka msimu wake uishe, na lichimbwe shimo moja kubwa kwa kila mtaa. Miti isiyo na mwenyewe, ile ya njiani na ya viwanja vilivyohamwa, igawiwe kwa zamu.

6. Marafiki Tunaowaua

Si kila mdudu ni adui. Wengi wa wale tuwaonao bustanini ni askari wetu wasiotaka mshahara, nasi huwaua kwa kutowajua. Vunjajungu hula viwavi na panzi. Nyigu huwakamata viwavi akawapelekea watoto wake. Mdudu yule mdogo wa duara, mwenye mgongo mwekundu au wa manjano na madoa meusi, hula vidukari yeye na watoto wake. Chura hula sota usiku. Kinyonga naye, ambaye watoto humpiga mawe na watu wazima humkimbia, hana sumu wala nuksi. Kazi yake ni kula wadudu tangu asubuhi mpaka jioni.

Watu wa pwani wawajua sisimizi wekundu waitwao majimoto, washonao majani ya miti kwa nyuzi na kufanya viota. Huuma sana, na kwa ajili hiyo wengine huviteketeza viota vyao. Walakini mtaalamu M. J. Way aliwachunguza Unguja, na mwaka 1953 akatangaza ya kuwa sisimizi hao hulinda minazi na mdudu afyonzaye vidaka, ambaye akizidi vidaka huanguka kabla ya wakati. Katika miembe pia wameonekana kuwapunguza nzi wa matunda. Nchini China habari za watu kuweka viota vya sisimizi wa jamii hiyo katika michungwa zimo katika kitabu kinachohesabiwa kuwa cha mwaka 304. Basi mwenye mwembe au mnazi wenye majimoto asiwachome moto. Siku ya kuchuma ajipake majivu mikononi na miguuni, afanye kazi yake upesi, ashuke.

Rafiki mwingine ni mdogo hata ni shida kumwona. Wakulima wa kabichi humjua kiwavi mdogo wa kijani ambaye akiguswa hujipindapinda na kuning'inia kwa uzi. Kiwavi huyu amezizoea sumu nyingi, hata wengine walikuwa wakipulizia kila juma na kabichi zikaliwa vile vile. Mwaka 2002 nyigu mdogo sana aliyetoka Taiwan aliachiliwa katika milima ya Taita, nchini Kenya. Nyigu huyo hataki kabichi. Hutaga yai ndani ya mwili wa kiwavi, na mtoto wake humla kiwavi kwa ndani. Katika miaka iliyofuata viwavi walipungua sana mahali hapo. Lakini apuliziaye sumu kali humwua nyigu kwanza na kumwacha kiwavi.

Jambo hili lilikwisha onekana Marekani. Mwaka 1888 Albert Koebele alipelekwa Australia kutafuta adui wa vidugamba vyeupe vilivyokuwa vikiiua michungwa ya California. Akapata mdudu mdogo wa duara, mwekundu na mweusi, ambaye kwa muda mfupi aliviangamiza vidugamba hivyo, na michungwa ikaokoka. Katika miaka ya 1940 baadhi ya wenye mashamba huko walipoanza kupulizia dawa ya DDT, yule rafiki akafa, na vidugamba vikarudi. Dawa iliwaondoa walinzi, mwizi akapata nafasi.

7. Dawa za Nyumbani

Ziko siku ambazo mkono hautoshi. Hapo mtu aweza kutumia dawa atengenezazo mwenyewe, ila akumbuke ya kuwa dawa ni ya mwisho, si ya kwanza.

Dawa ya sabuni ni kwa vidukari na nzi weupe. Tia vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji katika lita moja ya maji, unyunyize chini ya majani jioni. Sabuni haina budi kumgusa mdudu mwenyewe, ikimkosa haimdhuru. Jaribu kwanza katika majani machache, ungoje siku moja, maana mimea mingine huungua.

Dawa ya mwarobaini ni kwa viwavi na wadudu wengi walao majani. Okota mbegu zilizokomaa, uzikaushe kivulini, umenye maganda. Twanga kiini chake gramu 500, utie katika lita 10 za maji, yaani nusu debe, uache usiku kucha. Asubuhi chuja kwa kitambaa, utie sabuni kidogo ishike majani, na jioni unyunyize, maana jua huiharibu. Usitazamie kuona wadudu wakianguka palepale. Mwarobaini humfanya mdudu aache kula na kushindwa kujivua ngozi, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Rudia baada ya juma moja, au mvua ikinyesha.

Lakini tusidanganyike tukadhani ya kuwa kila kitokacho katika mmea hakina madhara. Maji ya tumbaku ni sumu kali kwa mtu, tena tumbaku yaweza kuambukiza nyanya ugonjwa wa virusi, usiitumie bustanini. Utupa huua samaki, kwa hiyo usitumike karibu na mto wala kisima. Pareto huua upesi, na jua huimaliza upesi, lakini huua nyuki pamoja na viwavi. Dawa yo yote, hata ya mwarobaini, inyunyizwe mahali penye wadudu tu, jioni nyuki wakiisha kurudi, na mboga zioshwe sana kabla ya kupikwa. Ndoo na kopo vilivyotumika vitiwe alama, visirudi jikoni.

8. Kazi kwa Shule na kwa Wasomaji

Walimu wanaweza kulifundisha somo hili bustanini kuliko darasani. Twaweka hapa kazi tano, nazo zafaa pia kwa mtu mzima atakaye kujipima.

Kwanza: Geuza majani kumi ya mboga moja, uhesabu wadudu uwaonao chini yake. Tenga maadui na marafiki, useme umewajuaje.

Pili: Chora bustani yenu katika mafungu manne, uonyeshe kila ukoo utakuwa wapi katika misimu minne.

Tatu: Pata mmea ulionyauka, uufanyie jaribio la bilauri. Andika ulichoona, kisha wasomee wazazi nyumbani.

Nne: Tia embe lililoanguka katika chupa yenye mchanga kidogo chini, ufunge mdomo wake kwa kitambaa chepesi. Hesabu siku mpaka nzi watoke, na idadi yao. Kisha ihesabu miembe ya kijiji chako, uwaze ni nzi wangapi watokao humo kwa juma moja.

Tano: Jirani yako asema ya kuwa bustani yake imerogwa. Utamwambia nini, na utamwonyesha nini kabla ya kumwambia?